Baba anakwenda kutolewa saratani ya puru, mpira wa mkojo upitishwe wapi na ukae mpaka lini?

SWALI

Shikamoo Bi Nesi,

Mi ni msomaji wako niko Morogoro, naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika na mimi ndo nazunguka na baba hospitali. Baba ana miaka 66, alianza kutoa damu chooni tukadhani ni bawasiri, akahangaika na dawa za mitishamba mpaka hali ikawa mbaya ndo tukaja kuambiwa ni saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa. Mionzi ameshamaliza pale Ocean Road, sasa hivi tunasubiri operesheni kwenye hospitali nyingine hukohuko Dar. Daktari katuambia uvimbe uko chini sana karibu kabisa na njia ya haja kubwa, kwahiyo watatoa puru yote na hiyo njia itashonwa, choo atakuwa anatolea kwenye mfuko tumboni maisha yake yote. Hilo tumelia tumemaliza, tumekubali.

Kilichobaki ni mkojo. Kliniki ya mwisho daktari kijana alisema baba atawekewa mpira wa mkojo, tukajua ni ule wa kawaida, kabla hatujatoka akaingia daktari mkubwa akasema huyu mzee bora awekewe wa tumboni, halafu wakaanza kuongea Kiingereza wao kwa wao na foleni ilikuwa ndefu nikaona aibu kuuliza. Tumerudi nyumbani kila mtu ana lake. Kaka yangu anasema tumbo la baba litakuwa limeshapasuliwa na lina tundu la choo, tunaongeza tundu lingine la nini. Mjomba wetu aliwekewa mpira wa kawaida mwaka jana kwa ajili ya tezi dume na mpaka leo anao, anasema hamuombei hata adui yake, unachoma, unavuja, kila mara ananunua antibayotiki duka la dawa. Mama yeye anauliza kitu kimoja tu, utatoka lini. Baba mwenyewe alikuwa kimya, juzi usiku akaniita akaniambia mwanangu mi sitaki wewe binti yangu unishike sehemu hizo, na kasikia kijiweni kwamba mpira unaua nguvu za kiume.

Nisisahau, hata kabla ya ugonjwa baba alikuwa anaamka usiku mara tatu mara nne kwenda kukojoa na mkojo unatoka kidogo kidogo, hatukusema hospitali maana tuliona haihusiani na saratani.

Bi Nesi, mpira upi ni bora? Nikirudi kliniki niseme nini?

Binti wa Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana kwa kuuguza. Naanza na ile sentensi uliyoiweka mwishoni kama kitu kidogo, kwamba baba anaamka usiku mara tatu mara nne na mkojo unatoka kidogo kidogo. Hiyo ndo taarifa kubwa kuliko zote kwenye barua yako na madaktari hawana. Mwanaume wa miaka 66 mwenye dalili hizo mara nyingi tezi dume imeshakua na inabana njia, yaani kibofu chake kilikuwa kinahangaika hata kabla ya kisu. Rudini kliniki kabla ya siku ya operesheni mkaliseme hilo, muombe apigwe ultrasaundi ya kibofu akishamaliza kukojoa ili waone mkojo unaobaki ndani ni kiasi gani. Ukibaki chini ya mililita 100 hapo hamna wasiwasi sana, ukifika 200 au 300 mpango mzima wa mpira unabadilika, na zipo dawa kama tamsulosin za kulegeza misuli ya pale kwenye tezi dume ambazo daktari anaweza kuona zinafaa aanze mapema. Ila daktari ndo aamue, msimnunulie wenyewe, zinashusha presha na mzee anaweza kusimama ghafla akaanguka.

Sasa nikueleze kwa nini mtu anatolewa saratani ya njia ya choo halafu anashindwa kukojoa, maana ukielewa hapa hayo mengine yote yanakaa sawa. Neva zinazoamrisha kibofu kibane na mlango wake ufunguke zinatoka kwenye uti wa mgongo huku chini, zinashuka pembeni mwa puru kulia na kushoto, nyembamba, zimelala kabisa kwenye ukingo wa yale mafuta yanayoizunguka puru. Na hayo mafuta lazima yatoke yote maana ndo saratani inakojificha, daktari wa Uingereza Bill Heald aliandika kuhusu hilo mwaka 1982 na toka hapo upasuaji wa puru dunia nzima ukabadilika, wanafuata ule mpaka wa mafuta kwa utulivu huku wanaziangalia neva ili zibaki. Lakini hata daktari awe fundi kiasi gani neva zinavutwa, zinavimba, zinachoka, na mionzi nayo ilishapita eneo hilohilo. Ongeza ganzi ya mgongoni na dawa za maumivu za jamii ya mofini, zote zinakilaza kibofu. Matokeo yake mgonjwa anaamka, kibofu kinajaa, yeye hasikii kama kimejaa, au anasikia lakini mkojo hautoki. Kibofu kikiachwa kijae kupita kiasi, lita nzima na zaidi, msuli wake unatanuka mpaka unapoteza nguvu, na kuurudisha inakuwa kazi nyingine. Ndo maana mpira lazima uwekwe, hapo hamna ubishi, ubishi ni upite wapi na ukae mpaka lini.

Ule wa kawaida unapita njia ya mkojo yenyewe mpaka kwenye kibofu, ukishaingia nesi anajaza maji safi kama mililita 10 kwenye kijiputo kilichopo kwenye ncha ili usichomoke. Kuuweka ni dakika chache, anauweka nesi au daktari yeyote, mgonjwa anakuwa ameshalala usingizi wa operesheni hasikii kitu, na bei yake ni ndogo. Kwa mtu ambaye atautumia siku moja mbili tatu, huo unatosha kabisa. Shida zake zinakuja ukikaa. Unasugua njia, kwa mwanaume hiyo njia ni ndefu na imepinda kwahiyo inaweza kupata kidonda na baadae kovu linaloibana njia, na unaleta bakteria, kila siku moja mpira ukiwa ndani uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo unapanda kwa kama asilimia 3 mpaka 7. Lakini kero yake kubwa kwa mgonjwa kama baba yako ni hii, siku ya kujaribu kama anaweza kukojoa mwenyewe lazima uchomolewe kwanza. Akishindwa, anaingiziwa mwingine, safari hii yuko macho, ana kidonda kibichi pale palipokuwa na njia ya haja kubwa, hawezi hata kukaa vizuri. Nimewashika mikono wazee wakati huo na nakuambia hawasahau.

Wa tumboni, madaktari wanauita suprapubiki, wodini utasikia wakiandika SPC. Unapita kwenye ngozi ya tumbo katikati, kama vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, unaingia kwenye kibofu moja kwa moja. Kama tumbo linapasuliwa kwa operesheni hiyohiyo, daktari anakijaza kibofu maji anauingiza huku anakiona kwa macho yake, hiyo ndo hali salama zaidi, vinginevyo inabidi wauweke kwa kuongozwa na ultrasaundi. Faida yake mgonjwa anaisikia mwenyewe, sehemu zake za siri zinakuwa huru, hamna kinachosugua. Na kujaribu kukojoa inakuwa rahisi mno. Kwenye ncha ya mpira kunawekwa koki, asubuhi koki inafungwa, mzee anakunywa maji yake kama kawaida, kibofu kinajaa, akisikia haja au masaa yakifika anakwenda chooni anasimama kama alivyozoea miaka yote anakojoa kwa njia yake. Akimaliza, nesi anaweka jagi lenye mistari ya mililita chini ya mpira, anafungua koki, kilichobaki kinashuka na wanakisoma. Leo kimebaki 350, kesho kutwa 200, wiki ijayo 80. Ikishafika kidogo hivyo mara kadhaa mpira unatolewa na lile tundu linaziba lenyewe ndani ya siku chache. Akishindwa hakuna anayemgusa, koki inafunguliwa tu, kesho wanajaribu tena.

Ila usichukulie kwamba wa tumboni ndo bingwa kila mahali. Kuuweka ni operesheni ndogo, inaweza kuleta damu kwenye mkojo, unaweza kuvuja pembeni, na mara chache sana utumbo unaweza kutobolewa, hatari hiyo inakuwa kubwa kama mtu alishapasuliwa tumbo zamani na utumbo umeshikana na ukuta wa tumbo. Mwenye saratani ya kibofu hawekewi kabisa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima zipangwe kwanza. Na sio kila hospitali ina watu waliozoea kuuweka na kuutunza, hilo msione aibu kuliuliza. Jopo la Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja, mwaka 2015 walilinganisha njia hizi kwa wagonjwa waliolazwa, wakaona wa tumboni unapunguza maumivu, unapunguza bakteria kwenye mkojo, unapunguza kurudishiwa mpira, lakini kwenye UTI yenyewe, yaani maambukizi ya mkojo yanayomuumiza mtu na kumpa homa, ushahidi haukutosha kusema huyu kamshinda yule. Kwahiyo mtu akikwambia wa tumboni hauleti UTI, hapana, UTI inakuja kwa mipira yote.

Na hapa ndo namjibu mama yako, maana swali lake ni zuri kuliko la nyie wengine wote. Utatoka lini. Mi kwa miaka yangu wodini nimeona kinachoumiza watu sana sio mpira umepita wapi, ni mpira usiokuwa na tarehe ya kutoka. Ufaransa walifanya utafiti ukatoka 1999, wagonjwa 126 waliokatwa puru, nusu wakatolewa mpira wa kawaida baada ya siku 1 na nusu baada ya siku 5. Waliotolewa siku ya kwanza, asilimia 25 mkojo uliwakwama, wale wa siku ya tano asilimia 10 tu. Lakini geuza upande wa pili, waliokaa nao siku 5 asilimia 42 walipata maambukizi ya mkojo, wale wa siku moja asilimia 20. Unaona mtego ulipo? Ukiuwahi kuutoa mkojo unakwama, ukiuchelewesha bakteria wanaingia, na hao watafiti wakamalizia kwamba wengi siku moja inawatosha lakini wenye uvimbe wa chini, kama baba, ndo wa kuachiwa siku hizo 5. Miongozo ya ERAS ya 2018, ule mpango wa kumsaidia mgonjwa wa utumbo apone haraka baada ya upasuaji, inasema mgonjwa wa hatari ndogo mpira utoke kesho yake, wa hatari ya kati au kubwa mpaka siku 3.

Sasa baba yako mweke hapo. Mwanaume, miaka 66, uvimbe wa chini, puru yote inatolewa na njia inashonwa, mionzi tayari, na mkojo ulikuwa unasumbua toka zamani. Kila kitu kinachofanya kibofu kichelewe kuamka anacho. Kwahiyo namuelewa kabisa yule daktari mkubwa, na mi kwa mgonjwa wa namna hii nakubaliana nae, wa tumboni una maana kwa sababu kuna uwezekano mkubwa siku 3 hazitatosha na hatutaki achomolewe na kurudishiwa mara mbili tatu. Angekuwa mama wa miaka 45 uvimbe uko juu, utumbo unaunganishwa na mkojo haujawahi kumsumbua, ningekuambia wa kawaida na kesho yake utoke. Mwanangu hawa madaktari wawili hata hawapingani, mmoja alisema kinachofanyika kwa wengi, mwingine akamtazama baba.

Lakini kama ultrasaundi ikionyesha baba anakojoa anamaliza, au mpasuaji akasema kwa hali ya tumbo lake wa tumboni una hatari, au operesheni ni ya matundu madogo, ile ya kamera, na timu haijazoea kuuweka hivyo, basi awekewe wa kawaida na msigombane nao. Mnachotakiwa kutoka nacho pale ni mpango. Muulize hivi hivi kwa Kiswahili, daktari, huu mpira siku ya ngapi tunajaribu kuutoa, na akishindwa tunafanya nini. Akikujibu hayo mawili umepata zaidi ya kujua umepita wapi. Muombe aandike kwenye faili.

Maana kuna njia ya tatu ambayo naona hamkuambiwa na huku kwetu inasahaulika sana, mgonjwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba mara 4 mpaka 6 kwa siku, anauingiza, mkojo unatoka wote, anauchomoa, anaendelea na maisha yake bila kubeba mfuko. Daktari wa Marekani Jack Lapides na wenzake waliandika mwaka 1972 kwamba sio lazima vifaa viwe vimechemshwa na glavu za operesheni, mikono na sehemu hizo zikioshwa vizuri kwa maji na sabuni inatosha, wakati huo watu walishangaa na leo ndo njia inayopendekezwa kwa mtu ambaye kibofu kinakaa wiki au miezi bila kuamka. Baba akishindwa kukojoa na anaonekana atachukua muda, muombe nesi amfundishe kabla ya ruhusa. Inahitaji mikono isiyotetemeka na macho yanayoona, na jeli ya maji ya kulainisha. Lengo ni kila akitoa isizidi mililita 400 au 500, ikizidi aongeze mara za kutoa.

Na hii ndo nusu ya jibu la aibu ya baba. Akiwa na mpira wa tumboni koki iko juu ya kinena, anaifungua mwenyewe, hakuna haja ya binti kushika popote. Akijitoa mwenyewe pia hakuna. Hata ule wa kawaida, kumwaga mfuko ni kufungua koki ya chini ya mfuko tu, na kuosha sehemu zake ataoga mwenyewe akishaweza kusimama, siku za mwanzo afanye mama au kaka yako, huyo kaka mwenye maoni mengi kuhusu matundu apewe kazi hiyo. Mwambie baba hivyo kabla ya operesheni atalala vizuri.

Kuhusu nguvu za kiume usimfiche. Mpira hauui nguvu za kiume. Kinachoweza kuzigusa ni hiyo operesheni na mionzi, kwa sababu neva za kusimamisha uume zinapita karibu na hizohizo za kibofu, wengine inarudi taratibu ndani ya miezi na wengine hairudi kama zamani. Hilo ni haki yake kulijua kabla hajasaini, na ni vizuri aliongee na daktari akiwa na mama, sio na wewe, toka nje uwaachie dakika kumi. Mwanaume akiambiwa ukweli mapema anajipanga, akiachwa agundue mwenyewe anaingia kwenye sonona na familia nzima haijui kwa nini hali chakula.

Kaka yako kuhusu tundu, hoja yake naielewa ila tundu la choo kwa operesheni hii kawaida linakaa kushoto na mpira uko katikati chini, havigusani. La kuangalia ni mfuko wa choo usivujie upande wa mpira, ukianza kulegea ubadilishwe siku hiyohiyo. Pale mpira unapoingia panaoshwa kwa maji safi na sabuni kila siku na kukaushwa, sio dawa kali wala poda.

Mjomba nae sijamsahau maana alichonacho sio mfano wa baba, ni shida yake yenyewe. Mtu kukaa na mpira uleule toka mwaka jana ni hatari. Mpira wa lateksi unabadilishwa kila wiki 4 hivi, wa silikoni unaweza kwenda mpaka wiki 12, zaidi ya hapo unaganda chumvi, unaziba, ndo huko kuvuja pembeni. Na hizo antibayotiki za duka la dawa aache, kila mtu aliyekaa na mpira muda mrefu mkojo wake una bakteria, kama hana homa hana baridi hana maumivu mapya haitibiwi, ukitibu tu kwa sababu mkojo una harufu au una ukungu unazalisha bakteria sugu na siku akiumwa kweli dawa hazitafanya kazi. Aende kwa daktari wa mkojo wiki hii, sio mwezi ujao, KCMC wapo, Muhimbili wapo, Bugando wapo, aulize tezi dume yenyewe inatibiwa lini maana mpira haukuwekwa uwe tiba.

Mkiwa wodini kuna mambo madogo ambayo ndugu ndo mnaweza kuyasimamia. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kiwango cha kibofu muda wote, hata akihamishwa kwenye machela, mkiuweka juu ya kitanda mkojo unarudi ndani na bakteria wake, lakini mfuko usilale sakafuni pia. Mpira ubandikwe, wa kawaida pajani na wa tumboni kwenye ngozi ya tumbo, akigeuka usivute. Mfuko umwageni kabla haujajaa kabisa na mikono ioshwe kabla na baada. Msitenganishe mpira na mfuko mara kwa mara kuangalia, kila mkiuachanisha mmewafungulia bakteria mlango. Mafuta ya mgando msipake, yanaharibu lateksi. Utaona pia baadhi ya wodi wanaufungafunga mpira wa kawaida kabla ya kuutoa wakisema wanakizoesha kibofu, haijaonekana kusaidia, wewe waulize kwa adabu kama ni lazima.

Siku ya kuutoa iwe asubuhi mapema, ili mkojo ukikwama mjue mchana madaktari wapo. Nesi anavuta maji ya kijiputo kwa bomba la sindano mpaka yaishe ndo mpira unatoka, usikubali mtu auvute kwa nguvu wala aukate kwa mkasi. Baada ya hapo baba anywe maji kawaida, sio ndoo nzima kwa kiherehere, na kila akikojoa ipimwe na muandike kwenye daftari saa na mililita. Zikipita masaa 6 hajatoa kitu, au anatoa vijiko vijiko na tumbo la chini linajaa, waiteni. Na akikwama siku hiyo msikate tamaa, wengi kibofu kinaamka ndani ya wiki chache, wengine miezi, wachache ndo linakuwa la kudumu.

Akirudi Morogoro na mpira, mjue kabla hamjatoka Dar nani ataubadilisha na tarehe gani. Wa tumboni kuubadilisha mara ya kwanza ni hospitali, njia yake inahitaji wiki 4 mpaka 6 kukomaa. Ukichomoka nyumbani usiseme tutakwenda kesho, lile tundu linaanza kuziba ndani ya masaa, funika kwa kitambaa safi muondoke muda huohuo. Hivyohivyo akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukawa damu yenye mabonge, au mfuko ukakaa mtupu masaa mawili matatu wakati amekunywa maji na tumbo linauma, kwanza angalia kama mpira haujapinda au kulaliwa, ukiona uko sawa na bado mkojo hautoki mpeleke emergency usiku huohuo, na ubebe lile daftari.